Pesa za Uzeeni au Oveni Mpya?

*Milioni sita ziko mezani. Mume anataka ziwe akiba ya uzeeni, mke anataka zirudi kwenye biashara. Nani yuko sahihi? Msomaji wetu anasimulia yaliyomkuta nyumbani kwake.*

Ilikuwa Jumapili usiku, watoto wamelala, na mimi nilikuwa bado nina unga kwenye nywele. Mume wangu amekaa upande wa pili wa meza, simu mkononi, anaangalia salio la benki kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Milioni sita na laki mbili. Hiyo ilikuwa miaka mitatu ya kujinyima. Gari hatukubadilisha, safari ya Zanzibar tuliyoahidiana tukaiahirisha, na Krismasi mbili tulikula wenyewe bila kualika mtu.

"Hizi tunanunua vipande," akasema.

"Hizi ni oveni na fremu," nikamjibu.

Tukatazamana. Msomaji wangu, kama umeoa au umeolewa, ule ukimya unaujua. Hakuna aliyepandisha sauti, lakini siku nne mfululizo hatukuongea chochote zaidi ya "mtoto kanywa dawa?" na "gesi imeisha".

Naandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Wengi wetu siku hizi tuna kazi ya kuajiriwa, halafu pembeni tuna kamradi: keki, mitumba, kuku, nywele, juisi. Kikipatikana cha ziada, ubishi ni ule ule. Turudishe kwenye mradi ukue, au tuweke kwa ajili ya siku ambayo hatutaweza tena kufanya kazi?

Mimi na keki zangu

Mimi ni afisa utawala kwenye kampuni binafsi hapa Dar es Salaam. Keki nilianza mwaka 2019, kwa mzaha tu. Nilioka ya siku ya kuzaliwa ya mtoto wa dada yangu, mtu akapiga picha, picha ikazunguka kwenye simu za watu, na wiki iliyofuata nikapata oda mbili. Baada ya miaka michache nilikuwa natoa keki nne kwa wiki: kicheni pati, sendofu, ubatizo, Maulidi, kila shughuli.

Tatizo lilikuwa oveni. Oveni yangu ya umeme ilikuwa ndogo, keki moja kwa wakati mmoja. Ikifika Desemba nilikuwa nakataa wateja kwa mdomo wangu mwenyewe, huku roho inaniuma. Na pale Tabata kulikuwa na fremu nzuri, karibu na kituo, kodi laki mbili na nusu kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Nilikuwa nikipita pale kila jioni nikitoka kazini, na kichwani nimeshapaka rangi ukutani na kutundika bango.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Keki ya kilo mbili nauza elfu 70. Vifaa vinakula elfu 30. Faida elfu 40. Nikamuuliza mume wangu, "Benki gani itakupa hiyo?" Hakunijibu. Nikadhani nimemshinda.

Kipanya cha baba mkwe

Usiku wa nne ndipo alipoongea. Tulikuwa tumezima taa. Akaniambia jambo ambalo kwa miaka tisa ya ndoa nilikuwa nalijua nusu nusu tu.

Baba yake alistaafu utumishi wa umma mwaka 2004. Akalipwa kiinua mgongo chake, na kama walivyofanya wastaafu wengi wa wakati ule, akanunua kipanya, zile Hiace zilizokuwa zinabeba abiria mjini. Mwezi wa kwanza dereva alileta hesabu vizuri. Mwezi wa tatu ikawa hesabu leo, kesho hadithi: matairi, faini, injini, mgonjwa kijijini. Mzee hakuwahi kufanya biashara maishani mwake. Alijua mafaili, konda na gereji hakuvijua. Kabla mwaka wa pili haujaisha, gari lilikuwa limesimama juu ya mawe nyuma ya nyumba, na mume wangu, kijana wa sekondari, alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

"Kila ukitaja fremu," akasema, "mimi naiona ile Hiace."

Nilinyamaza. Kumbe wiki nzima nilikuwa nabishana na mtoto wa sekondari aliyerudishwa ada, na nilidhani nabishana na mtu asiyeniamini.

Daftari la dukani

Na mimi woga wangu ulikuwepo, ila sikuujua hadi nilipokwenda Tanga mwezi uliofuata kumwona mama.

Mama yangu alipika vitumbua Ngamiani kwa miaka 28. Vitumbua vile ndivyo vilivyotusomesha watoto wanne. Alikuwa hodari kweli kweli. Kila senti iliyobaki aliirudisha: chuma kingine, gunia la mchele, meza kubwa zaidi. Nilipokuwa nikimwambia mume wangu kwamba biashara ndiyo pensheni, mfano niliokuwa nao kichwani ulikuwa mama.

Magoti yalipoanza kumsumbua, aliacha. Na alipoacha yeye, biashara ikafa mwezi ule ule. Hakuna aliyeinunua, maana hapakuwa na kitu cha kuuza. Vyuma bado viko jikoni, vimening'inia ukutani.

Sisi watoto tunachanga kumtumia pesa ya matumizi kila mwezi. Mimi nilijua tunamtunza vizuri. Jumamosi ile akanituma dukani kununua sukari, muuzaji akafungua daftari na kuniuliza kwa heshima zote, "Dada, unalipa na deni la mama?" Kurasa mbili. Kila mwezi tuliochelewa kutuma, mama alikopa na hakutuambia. Hakutaka kutusumbua.

Nililipa. Nikarudi nikakaa naye barazani, nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuweka akiba pembeni. Alicheka kidogo.

"Mwanangu, mimi nilidhani nina biashara," akasema. "Kumbe biashara ilikuwa ni mimi."

Niliporudi Dar sikumwambia mume wangu kwamba ameshinda, kwa sababu hakuwa ameshinda. Baba yake alikuwa na akiba akaipoteza kwenye biashara asiyoijua. Mama yangu alikuwa na biashara anayoijua, ila hakuwa na akiba. Wazee wetu wawili, njia mbili tofauti, na wote wamefika kwenye mlango ule ule wa kungoja watoto watume.

Tukafungua daftari letu

Tukakubaliana tusiguse pesa kwa miezi mitatu. Ndani ya miezi hiyo mimi niandike kila kitu cha keki, na yeye aandike kila kitu cha uzeeni. Hakuna kubishana kwa hisia hadi karatasi zikutane.

Shosti, andika! Nakwambia andika. Ile faida yangu ya elfu 40 ilianza kuyeyuka wiki ya kwanza. Umeme sikuwahi kuuhesabu, kwa kuwa LUKU ni ya nyumbani. Kuna boksi. Kuna bodaboda ya kupeleka. Kuna keki iliyodondoka kwenye ngazi ikabidi nioke nyingine usiku. Kuna rafiki aliyetaka bei ya urafiki, na mteja aliyesema "nitakutumia jioni" na jioni yake haijafika mpaka leo. Mwisho wa miezi mitatu, keki moja ilikuwa inaniachia kama elfu 17. Na kila keki ilinichukua saa sita. Yaani chini ya elfu 3 kwa saa, na mimi mwenyewe sijajilipa mshahara.

Nikaigeuza hesabu kwenye fremu. Kodi laki mbili na nusu, gawanya kwa elfu 17: keki 15 kila mwezi ni za mwenye nyumba. Na mimi kwa mwezi nilikuwa natoa 16. Hapo sijaweka mshahara wa msichana wa kukaa dukani. Nililia kidogo bafuni, sina haja ya kukuficha.

Lakini daftari hilo hilo lilinitetea kwenye oveni. Ndani ya miezi mitatu nilikataa oda 11. Oveni ya gesi yenye nafasi ya keki tatu kwa pamoja ingepokea oda hizo, na ingepunguza muda na nishati kwa kila keki. Oveni haikuwa anasa. Fremu ndiyo ilikuwa ndoto.

Na karatasi za baba watoto

Yeye alianza na NSSF, maana wote wawili tuko sekta binafsi. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60. Ili upate pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe umechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15.

Akaniambia, "Hebu chukua na wewe taarifa yako ya michango." Nilichukua kwa kumridhisha tu. Nikakuta miezi saba haipo! Kwenye karatasi zangu za mshahara nilikuwa nimekatwa, lakini mwajiri wangu wa zamani hakupeleka. Nimefuatilia, minne imerudi, mitatu bado nahangaika nayo. Kama nisingeangalia, ningekuja kujua nikiwa na mvi.

Halafu akapiga hesabu ya akiba ya ziada. Tuseme tunaweka laki moja kila mwezi kwa miaka 25, na tuseme inakua kwa asilimia 10 kwa mwaka. Mfukoni tutakuwa tumetoa milioni 30. Mwishoni zinafika kama milioni 132. Tukisubiri miaka 10 kwanza, "biashara ikue ndiyo tuanze", tukaweka laki ile ile kwa miaka 15 iliyobaki, tunafika milioni 41 tu. Tumeokoa milioni 12 za kuchangia, tumepoteza zaidi ya milioni 90.

Alinitazama kama bingwa. Nikamwuliza swali moja tu: "Na vitu vikipanda bei?"

Akarudi kwenye kikokotoo. Bei zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, milioni 132 za baada ya miaka 25 zitanunua kile ambacho milioni 39 zinanunua leo. Ubingwa ukaisha. Tukacheka wote wawili, mara ya kwanza kwa wiki nyingi. Akiba peke yake isingetufikisha. Keki peke yake isingetufikisha.

Tulivyogawa

Tulikaa tena meza ile ile. Milioni 6.2 zikagawanyika hivi:

Milioni 2 tukaziweka pembeni kwa dharura. Mzee wake alipoharibikiwa gari hakuwa na mto wa kuangukia. Pesa hii si ya uzeeni wala ya biashara. Ni ya hospitali, ada, na kazi ikiota mbawa.

Milioni 2.4 zikanunua oveni ya gesi na mikseri kubwa. Sharti: ndani ya miezi 12 oveni irudishe pesa yake yote kwa faida ya kwenye daftari, la sivyo inauzwa.

Milioni 1.8 zikanunua vipande UTT AMIS. Mfuko wao wa kwanza, wa Umoja, ulianzishwa mwaka 2005, na nilipenda kwamba ukibanwa kweli unaweza kuuza vipande vyako. Hakuna aliyetuahidi faida, maana thamani ya kipande hupanda na huweza kushuka. Mume wangu alivutiwa pia na hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu. Zile zinaanzia milioni 1, riba hulipwa kila baada ya miezi sita, na muda wake hufika hadi miaka 25. Tukasema hizo tutazifikia tukikomaa.

Juu ya hapo, kila mwezi laki moja inatoka kwenye mishahara yetu kwenda kwenye vipande kabla hatujagusa kitu. Na kwenye faida ya keki, asilimia 30 ni ya uzeeni. Inayobaki ndiyo ya biashara, na biashara haikopi tena kwenye mshahara. Ikitaka kukua, ikue kwa jasho lake.

Jambo moja zaidi, na hili wengi wetu tunalionea aibu kulitaja. Vipande ni vya nani? Tulifungua akaunti mbili, kila mtu kwa jina lake, na tunaweka sawa kwa sawa. Si kwamba hatuaminiani. Ila nimeona wanawake waliochangia miaka 20 kwenye akiba yenye jina la mwingine, na siku ya msiba wakaanza kuomba barua kwa mashemeji.

Na fremu je?

Fremu aliichukua dada mwingine. Naye anauza keki, fikiria! Ana bango zuri la rangi ya waridi. Siku nyingine nikipita jioni naona wateja wamejaa, roho inaniuma kama mchumba aliyeolewa na mwingine. Labda pale ningekuwa mimi. Labda ningekuwa nimeshafunga. Sitajua kamwe. Ukichagua kimoja, kingine unakiacha, na asikudanganye mtu kwamba hakiumi.

Oveni ilirudisha pesa yake mwezi wa 13. Imechelewa mwezi mmoja. Mume wangu alikuja jikoni na uso wa hakimu, akasema kwa mujibu wa mkataba anauza. Nikamkatia kipande cha keki ya chokoleti. Kesi ikafutwa.

Kabla hamjagawa pesa zenu, jiulizeni

*Biashara hii inaweza kusimama wiki mbili bila mimi?* Kama haiwezi, hiyo bado ni kazi yako ya pili. Iheshimu, ila usiiite pensheni.

*Faida yangu ni ya kichwani au ya kwenye daftari?* Andika miezi mitatu, pamoja na umeme wa nyumbani na saa zako mwenyewe.

*Michango yangu inafika?* Chukua taarifa yako ya NSSF au PSSSF mwaka huu, usingoje mvi. Na kama umejiajiri, fahamu kwamba NSSF inawapokea waliojiajiri pia.

*Dharura ikitokea kesho, nitauza nini?* Kama jibu ni mtaji, bado huna akiba.

*Mwenzangu anaogopa nini?* Hili muulizeni taa zikiwa zimezimwa. Mara nyingi ubishi wa pesa unaanzia kwa wazazi wenu.

Siku hizi ninaye binti anayenisaidia Jumamosi. Ninamfundisha kila kitu, hadi ile siri yangu ya maji ya moto kwenye keki ya chokoleti. Shoga zangu wananionya kwamba ataniibia wateja. Inawezekana. Lakini mwezi uliopita niliugua malaria, siku tatu kitandani, na kulikuwa na oda nne. Alioka zote, mume wangu akapeleka. Jumatatu mteja mmoja akanitumia ujumbe: "Dada, safari hii umejitahidi zaidi."

Niliusoma mara mbili. Nikacheka. Kisha nikampigia mama Tanga nikamsomea.

"Sasa hiyo," mama akasema, "inaanza kuwa biashara."